Ijue Damu Yako Kabla ya Posa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika darsa za mwezi wa Ramadhani)



Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya damu. Mimi si sheikh, wala si daktari bingwa. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kudunga kidole, kuchukua tone la damu, kulipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi na tano. Basi nitasema niyajuayo kama mtu wa maabara, na mengine nitayasema kama mzazi, kwa sababu maradhi haya hayakuishia kwenye hadubini yangu. Yaliingia nyumbani kwangu.

DAMU INAFANYA KAZI GANI?

Hebu tuanze na lililo rahisi. Damu unayoiona nyekundu imejaa seli ndogo ndogo sana. Seli nyekundu zina kitu kinachoitwa hemoglobini, na hicho ndicho kinachobeba hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Seli nyeupe ni askari wa kupigana na maradhi. Kisha kuna chembe na vitu vingine vya kugandisha damu, ili ukijikata na kisu jikoni damu ikome.

Seli nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na kila moja huishi kama siku 120, kisha hufa na nyingine kuchukua nafasi yake. Kwa hivyo maradhi mengi ya damu ni moja katika haya: ama seli nyekundu hazitoshi, ama hazikuumbika sawasawa, ama damu haijui kuganda. Tuyatazame moja moja.

UPUNGUFU WA DAMU

Huu ndio ulioenea zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 karibu wanawake 30 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na katika watoto wa chini ya miaka mitano karibu 40 katika kila 100. Yaani si ugonjwa wa jirani. Ni wetu.

Dalili zake wajua. Mtu achoka bure, kichwa chamzunguka, moyo wamwenda mbio akipanda ngazi, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Msichana asinzia darasani, mwalimu amwita mvivu. Mama mjamzito atafuna udongo kila siku, nasi twacheka kwamba ni hamu ya mimba. Huko kula udongo mara nyingi ni alama kwamba mwili umepungukiwa na madini ya chuma, na udongo wenyewe huenda ukamletea minyoo wa kumnyonya damu hiyo hiyo kidogo iliyobaki. Wazee wetu waliijua hali hii, wakaiita safura.

Sababu ni nyingi: chakula kisicho na madini ya chuma, malaria, minyoo, hedhi nzito, mimba za kufuatana. Dawa ya kila moja si ile ya mwenziwe. Kwa hivyo usimnunulie mtoto chupa ya dawa ya kuongeza damu dukani kabla hajapimwa. Nitawaonyesha mbele kwa nini.

Na hapa nina neno kwa mezani mwetu mwezi huu. Nyama, maini, dagaa, kunde, maharagwe, mchicha, wimbi, vyote vina madini ya chuma. Lakini ukila daku nzuri ya kunde kisha ukaisukuma kwa vikombe viwili vya chai ya rangi, chai ile inazuia chuma kuingia mwilini. Iache chai ikae angalau saa moja mbali na chakula. Badala yake kamua limau au ule chungwa, kwa sababu hivyo husaidia chuma kuingia. Jambo dogo, wala haliongezi gharama.

MTOTO ASIYEKOMA KUTOKWA NA DAMU

Wa pili ni hemofilia. Huu ni wa nadra, lakini sisi tunaotahiri watoto wetu wa kiume ni lazima tuujue. Damu ya mtoto huyu imekosa kitu kimoja cha kuigandisha. Anazaliwa mzima, ananenepa, mpaka siku ya kutahiriwa. Jeraha la wengine hukauka, lake halikauki. Ama anaanguka kidogo tu, goti linafura kwa damu iliyovuja ndani.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi hupitia kwa mama ambaye mwenyewe haonekani kuumwa. Kwa hivyo ukisikia kwamba mjomba wa mtoto, ndugu wa mama yake, alivuja damu sana alipotahiriwa au alipong'olewa jino, simama. Mpeleke mtoto apimwe kwanza, kisha atahiriwe hospitali chini ya uangalizi. Wala msidhani haya ni mambo mapya ya wazungu. Miaka elfu moja iliyopita, tabibu wa Kiislamu wa Andalus, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliandika katika kitabu chake cha Tasrif habari za wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakivuja damu mpaka kufa kwa majeraha madogo. Ni sisi tuliosahau.

SELIMUNDU

Sasa nimefika kwenye lile lililonileta. Selimundu, au kama tunavyouita mitaani, sikoseli.

Seli nyekundu ya kawaida ni duara na laini, yapita kwenye mishipa myembamba kama samaki kwenye maji. Seli ya mgonjwa huyu, ikikosa hewa au maji, hupinda ikawa kama mundu wa kukatia nyasi, na hukakamaa. Seli hizo hukwama kwenye mishipa kama magari kwenye kivuko. Hewa haipiti, na pale pasipopita hewa pana maumivu: mifupa, mgongo, kifua. Tena seli hizo haziishi siku 120. Huishi kama siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo maana damu ya mtoto huyu iko chini daima na macho yake huwa na umanjano. Na hapo ndipo ile chupa ya dukani ina hatari. Damu yake haikupungua kwa kukosa chuma, na akiwa ameongezwa damu mara nyingi, chuma huwa tayari kimemzidi mwilini.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Si jini, si kijicho, si mtoto wa kurogwa. Unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mtu amepewa nusu na baba na nusu na mama. Aliyepata nzuri mbili ni AA. Aliyepata moja nzuri na moja ya mundu ni AS, naye si mgonjwa. Aweza kuishi mpaka akaona wajukuu bila ya kujua. Aliyepata mbili za mundu ni SS, naye ndiye mgonjwa.

Je, kwa nini sisi watu wa pwani tunayo sana? Kuna daktari aliyelelewa huku Kenya, Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949. Alikuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, AS walizidi 20 katika kila 100, na kule milimani kwenye baridi hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mtoto wa AS hukingwa na malaria kali. Palipo na mbu wa malaria, wenye AS waliishi na kuzaa. Kwa hivyo kuwa AS si laana wala si aibu. Ilikuwa ngao kwa babu zetu. Shida ni pale ngao mbili zinapokutana katika nyumba moja bila ya wenyewe kujua.

YALIYONIPATA MIMI

Zilikutana katika nyumba yangu. Nilipooa, tayari nilikuwa nafanya kazi maabara. Nilikuwa nimepima damu za maelfu ya watu. Yangu sikuipima hata siku moja. Mke wangu ni mtoto wa ami yangu, mtu ninayemjua tangu utoto. Nani alifikiri habari ya damu? Tulifikiri habari ya mahari na biriani.

Binti yetu alizaliwa na afya yake. Miezi ya kwanza huwa hivyo, kwa sababu mtoto mchanga huwa bado ana hemoglobini ya tumboni inayomlinda. Alipofika miezi minane, viganja na nyayo zikafura, akawa analia usiku kucha. Watu wakasema amekanyaga kitu. Tukaambiwa tumpeleke kwa fulani akasomewe, tukampeleka. Tukaambiwa tumpake mafuta, tukampaka. Mimi, mtu wa hadubini, nilizunguka na mtoto wangu majuma matatu kabla ya kumdunga kidole. Siku nilipoitazama damu yake nilizijua seli zile mara moja. Nilikaa kwenye kiti mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Na lililofuata ndilo ninalolionea haya zaidi. Jamaa walimgeukia mke wangu. Ati ametuletea damu mbaya. Ati nioe mwingine. Nami nilijua, kwa elimu yangu, kwamba mtoto hawezi kuwa SS mpaka baba naye ametoa nusu yake. Nilijua na nikanyamaza, siku nyingi. Mpaka jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba fulani, wewe ndiye mwenye elimu ya damu. Ukinyamaza wewe, mimi nitasema na nani?" Kesho yake nikajipima. AS. Nikaichukua ile karatasi nikaenda nayo kwa mamangu, nikamsomea mbele ya watu: nusu ni yangu. Maneno yakakoma. Lakini yangekoma mapema lau ningefungua mdomo mapema.

Kwa hivyo baba unayenisikiza, kama kuna mama analaumiwa nyumbani kwako kwa maradhi ya mtoto, leo kabla ya futari mwondolee mzigo huo.

MTOTO HUYU ANAISHI VIPI?

Zamani watoto wengi wa namna hii walikuwa hawavuki miaka mitano. Leo wapo walio vyuo vikuu, na wapo wazazi. Tofauti ni matunzo. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto hawa huingiwa na vijidudu kwenye damu zaidi ya mara ishirini kuliko wenzao, na anayeongoza ni kile kijidudu cha nimonia. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2011. Basi chanjo zote zikamilishwe. Mtoto hupewa penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano, vidonge vya foliki, dawa ya kuzuia malaria, na hulala ndani ya chandarua. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoshwe.

Tena ipo dawa inayoitwa hidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwamo, na matokeo yakatolewa mwisho wa mwaka 2018: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara chini ya daktari. Binti yangu anaitumia. Kabla yake tulikuwa tukilazwa karibu kila mwezi.

Na ukisikia mtu anauza dawa ya kuponya sikoseli moja kwa moja ndani ya chupa, mkimbie. Tiba inayoponya ni ya kupandikiza uboho, au ile mpya ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ambayo bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Haiuzwi sokoni.

Zijueni pia dalili zisizongoja asubuhi. Homa ya nyuzi 38 na kuzidi. Kifua kuuma na pumzi kukatika. Mtoto kuwa mweupe ghafla na tumbo la upande wa kushoto kufura, maana wengu limemeza damu. Mdomo kwenda upande au mkono kulegea. Na kwa wavulana, uume kusimama kwa maumivu saa kadhaa bila ya kushuka. Hili vijana hulificha kwa haya, nami nasema hakuna haya katika afya. Lolote kati ya hayo, hospitali saa ile ile.

SWAUMU NA MGONJWA

Ramadhani iliyopita binti yangu alikuwa na miaka 13. Daktari alituambia asifunge, kwa sababu mwili wake ukikosa maji, seli hukwama. Nikamweleza. Akaniambia, "Baba, wenzangu wote wanafunga. Nikinywa maji skuli wananitazama kama si Muislamu." Nikamwambia asijali, nikaenda zangu kazini. Nilidhani nimemjibu.

Kumbe alikuwa anaamka daku kimya kimya, chupa ya maji aiondoka nayo imejaa na kurudi nayo tupu, amemwagia maua. Siku ya tisa alianguka kwenye mstari wa asubuhi. Maumivu yalikuwa ya kifua. Aliongezwa painti mbili za damu, akakaa wodini siku kumi na moja.

Vijana wangu, swaumu ni faradhi, na aliyeifaradhisha ndiye huyo huyo aliyemruhusu mgonjwa aache. Anayetarajia kupona hulipa siku nyingine, na ambaye ugonjwa wake ni wa kudumu hulisha maskini kwa kila siku. Yaliyo zaidi ya hapo waulizeni masheikh wetu pamoja na daktari wenu, maana wagonjwa hawalingani. Lakini mimi nawaomba hili: ukimuona mwenzako anakunywa maji mchana, usimkodolee macho. Hujui damu yake ikoje. Binti yangu aliponzwa na macho ya watu, wala si na swaumu.

KABLA YA POSA

Sasa neno langu kubwa. Kijana, kabla hujatuma wazee, pima damu. Msichana, kabla hujasema ndiyo, pima damu. Si wakati kadi zimeshachapishwa na maulidi yameshapangwa. Kabla.

Ukienda maabara usiridhike na kile kipimo cha kuangalia tu kama seli zinapinda, kwa sababu hakitofautishi AS na SS. Omba kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini, ambacho kitakuambia waziwazi AA, AS au SS. Siku hizi kuna hata vipimo vya haraka vya tone moja la kidole. Hicho cha kutenganisha chaweza pia kuonyesha alama za thalasemia, ndugu yake selimundu, ulioenea Arabuni, Bara Hindi na nchi za Mediterania. Nasi hapa pwani tumechanganya damu na huko tangu enzi za majahazi. Wale wanaooana ndani ya ukoo, kama mimi, wana sababu zaidi ya kupima, kwa maana babu mmoja aliyekuwa na AS huenda amewaachia nyote wawili.

Hesabu ni hii. AA na AS, hakuna mtoto mgonjwa. AA na SS, watoto wote huwa AS, wazima, mradi yule AA hana thalasemia. AS na AS ni kama kurusha sarafu mbili: katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne ni SS. Kila mimba, narudia. Usiseme nimeshapata mmoja mgonjwa, basi watatu watakuwa wazima. Sarafu haikumbuki.

Wenzetu wa Saudi Arabia, ambako ugonjwa huu umejaa upande wa mashariki, tangu 2004 wamewalazimu wachumba wapimwe selimundu na thalasemia kabla ya ndoa. Majibu hayawazuii kuoana. Huwajulisha tu, kisha uamuzi ni wao. Nami nasema hivyo hivyo. Mkikutwa nyote ni AS, mwaweza kuachana kwa wema, bila ya kumtangaza mtu mtaani. Ama mwaweza kuendelea huku macho yako wazi: mtoto akizaliwa apimwe mapema, na akiwa SS aanze penisilini na matunzo kabla hajaumwa hata siku moja. Wangu alipoteza miezi minane.

Na msije mkaifanya AS kuwa sababu ya kumkataa binti wa watu. AS ni mzima.

MWISHO: BAADA YA FUTARI

Zile painti mbili alizopewa binti yangu zilitoka kwa watu nisiowajua. Nchini mwetu damu nyingi hutolewa na wanafunzi wa sekondari, na skuli zikifungwa benki za damu hukauka. Mwezi huu nao, huku kwetu, wengi huogopa kutoa kwa sababu ya saumu. Lakini usiku upo. Ukishafuturu, ukanywa maji na kupumzika, ikiwa una miaka kati ya 16 na 65, uzito wako ni kilo 50 au zaidi, na damu yako yatosha, toa. Hupimwa kwanza, hutoi ukadhurika. Naomba jumuiya yetu iwaalike watu wa damu usiku mmoja baada ya Tarawehe, pale uwanjani, kama tunavyoalika wasomaji wa Qur'ani. Na siku hiyo hiyo vijana walio karibu na posa wapimwe. Nitakuja na vifaa vyangu, sitaki malipo.

Nitaketi meza ya kwanza, na binti yangu atakuwa kando yangu akiandika majina. Ameniambia atakuwa na chupa yake ya maji juu ya meza, na safari hii hataificha.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na azikubali swaumu za waliofunga na nyudhuru za waliozuiliwa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.